Ruta Nyuma ya Sufuria

Mtu aliyemfundisha Bitutu kuubana mtandao ndiye aliyetumwa Ijumaa ile kuja kuufungua.

Alimtambua kwa mgongo tu. Mwanamume aliyesimama langoni alikuwa ameinama, akikwangua tope kwenye viatu kwa kijiti: kiatu cha kushoto, kisha cha kulia, kisha akarudia cha kushoto kwa sababu hakikumridhisha. Kati ya Migori na Homa Bay, Bitutu alimjua mtu mmoja tu anayefuta viatu namna hiyo. Akaiweka chini beseni ya nguo alizokuwa akianua.

"Hodi hapa," yule mtu alisema, akainua kichwa.

Akamwona.

Javan Obare. Miaka miwili bila kuonana, na bado shingo yake ilikuwa ikiinama kidogo upande wa kulia anapomtazama, kana kwamba kuna jambo anataka kulisikia vizuri.

"Karibu," Bitutu alisema.

"Nimetumwa na ofisi. Waliniandikia Mokua, mtaa wa Oruba, waifai inavuta. Akina Mokua ni wengi. Nimejua ni hapa nilipoliona hili lango la bluu."

"Ungejua mapema ungekataa?"

"Ningejua mapema ningenyoa ndevu."

Bitutu alitaka kucheka, lakini aliogopa. Hofu yake ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa ndani ya ruta.

Kwa miezi minne, Ijumaa baada ya Ijumaa saa kumi na moja jioni, baba yake, Mzee Mokua, alikuwa akivaa koti, akiketi sebuleni na tableti yake magotini, na kumpigia simu ya video Levis, muuguzi aliyeko Minnesota. Levis alikuwa mtoto wa marehemu Orina, yule rafiki aliyekuja Migori na Mzee Mokua wakiwa vijana wasio na chochote isipokuwa mkokoteni mmoja wa ndizi. Wazee hao waliwahi kusema, siku moja watoto wetu wataoana. Orina akafa. Maneno yakabaki na Mokua peke yake, naye akayabeba kama mtu aliyeachiwa mtoto alee.

Kila Levis alipofika kwenye swali lenyewe, je, Bitutu, niwatume wazee wa kwetu mwezi wa nane, picha iliganda. Kinywa cha Levis kilibaki wazi, sauti ikakatika vipande vipande, na Mzee Mokua akaipiga tableti kofi mgongoni. Mama aliilaumu mvua. Baba aliilaumu kampuni. Hakuna aliyemlaumu Bitutu, msichana mpole mwenye diploma ya mambo ya kompyuta, ambaye usiku wa ile simu ya kwanza aliingia ndani ya ruta na kuipa tableti ya baba yake kasi ya kobe.

Hakuwa na ujasiri wa kumwambia baba hapana. Alikuwa na ujuzi wa kuchelewesha ndiyo.

"Nani huyo?" Sauti ya Mzee Mokua ilitangulia, yeye mwenyewe akafuata, mrefu, miwani kwenye paji la uso. Alimtazama mgeni. Akaishusha miwani, akamtazama tena.

"Wewe ndiye ulituletea kambare."

"Ndiye mimi, Mzee," Javan alisema, akiikunja mikono mbele.

"Leo umeleta nini?"

"Leo nimeleta waya peke yake, Mzee."

Mama Bochaberi, aliyekuwa amechungulia dirishani, alijiziba mdomo kwa leso. Bitutu hakucheka. Kambare yule bado alimwuma.

Javan alikuja hapa mara moja tu, miaka miwili iliyopita, kujitambulisha. Kwao Rodi Kopany hakuna anayekwenda ukweni mikono mitupu, kwa hiyo alipitia soko la samaki la Sori alfajiri, akachagua kambare mnene kuliko wote, aliyekaushwa kwa moshi hadi akawa mwekundu kama shaba, akamfunga kwenye gazeti, akamweka mezani kwa mikono miwili. Aliona ameleta heshima. Mzee Mokua, mzee wa kanisa la Waadventista, alifunua gazeti akaona samaki asiye na magamba, najisi kwa imani yao, kitu ambacho hakijawahi kuguswa na kijiko chochote cha nyumba hiyo. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Mtu anayekuja kuomba binti bila kuuliza nyumba hiyo inakula nini, ataishi naye vipi?" Kwamba Javan ni Mjaluo na Mkatoliki, hayo Mzee angeweza kuyazungumza. Kambare alimfungia mlango.

Jioni hiyo Bitutu alimwandikia Javan: usinipigie kwanza. Javan hakupiga. Na ile kwanza ikawa miaka miwili.

"Mzee," Javan alisema sasa, "najua Sabato inaingia jua likitua. Leo litatua kama saa kumi na mbili na nusu na kitu. Kufika kumi na mbili nitakuwa nimetoka."

Mzee Mokua alimkazia macho. "Nani amekwambia?"

"Nimeuliza watu, Mzee. Siku hizi nauliza."

"Basi ingia. Kuna mtu nataka kumwona saa kumi na moja. Nataka nimwone mpaka meno."

Saa ilikuwa tisa na nusu. Javan alianzia nje, pale waya unapoingilia ukutani. Akachomeka laptopu yake, akasubiri, akatikisa kichwa.

"Hapa zinaingia megabiti ishirini, Mzee. Maji yanafika kwenye tangi. Shida iko ndani ya nyumba."

"Ndani ya nyumba," Mzee Mokua alirudia, akimgeukia mkewe kana kwamba kuna mtu wa kukamatwa.

Sebuleni, laptopu ileile ilipata megabiti mbili. Javan akazunguka akitafuta ruta, juu ya televisheni, nyuma ya kochi, hadi akakata tamaa. "Mama, ile kisanduku yenye taa huwa wapi?"

"Nimeihifadhi," Mama Bochaberi alisema kwa fahari, akaufungua mlango wa vioo wa kabati.

Ilikuwa rafu ya chini kabisa, nyuma ya sufuria nane za harusi yake, zile ambazo hazijawahi kuona moto na ambazo huzisugua kila mwezi mpaka mtu anajiona uso. Juu ya ruta kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, chenye pindo la waridi. Mama alikuwa ameacha matundu mawili ili antena zitokeze. Ruta ilikuwa imevaa kama bibi harusi aliyefichwa asionwe na watu.

Javan alichuchumaa akaitazama muda mrefu. Mabega yake yalikuwa yakitikisika kidogo.

"Unacheka?" Mama aliuliza.

"Hapana, Mama. Umefuma vizuri sana. Ni vile tu hii kitu inatuma mawimbi, na mawimbi yakikutana na sufuria yanarudi. Hapa kuna sufuria nane. Ni kama umeweka ukuta wa mabati. Halafu hicho kitambaa kinaizuia kupumua, inashika joto."

"Kwa hiyo ni mimi," Mama alisema, akaketi.

"Si wewe, Mama. Hakuna mtu alikwambia."

Bitutu alimtazama akiinua sufuria moja moja kwa mikono miwili, jinsi alivyomweka yule kambare, na kuzipanga juu ya meza bila kuacha alama ya kidole. Akaipandisha ruta juu ya kabati, mahali pa wazi. Kitambaa akakikunja mara nne akamrudishia mwenyewe.

"Usikitupe, Mama. Hicho ni cha kufunikia mkate."

Kasi kwenye laptopu ya Javan ikaruka juu. Simu ya Mama ikafungua wimbo wa kwaya bila kujikwaa hata mara moja, na Mama akaimba sauti ya pili papo hapo. Ilikuwa saa kumi na robo. Bitutu akapumua. Labda itaishia hapa.

"Na hii je?" Mzee Mokua alimnyooshea tableti.

Haikuishia hapo. Kwenye tableti, duara lilizunguka, likazunguka, likazunguka. Javan aliisogeza hadi chini ya ruta. Duara likaendelea. Akaizima, akaiwasha. Akakunja uso, na Bitutu akaujua ule uso. Ndio aliokuwa nao katika maabara ya chuo kule Homa Bay, ambapo wenzao wote wakienda kula yeye alibaki na mashine moja iliyokataa, akisema, haiwezi kunishinda na mimi sijajua kwa nini.

"Labda imezeeka," Bitutu alisema.

"Niliinunua mwaka jana," baba yake alisema.

"Haijazeeka," Javan alisema taratibu. "Nahitaji kuingia ndani ya ruta yenyewe. Paswadi ya kuingilia ni nani anaijua?"

"Bitutu ndiye aliweka."

Macho ya wanaume wawili yakamgeukia. Ya Mama yalikuwa bado kwenye simu.

"Nimesahau," Bitutu alisema, na masikio yake yakapata moto.

Javan alimtazama sekunde moja zaidi ya ile inayohitajika. "Naweza kufuta kila kitu nianze upya, lakini muda utaenda. Ngoja nijaribu moja tu."

Akaandika. Bitutu alizisoma herufi kwenye vidole vyake kabla hazijafika kwenye kioo. *Simbikwamiguu.* Ilikuwa nywila ya mashine yao ya mazoezi chuoni, tangu Jumapili ile walipotembea hadi ziwa la Simbi, kwenda na kurudi, wakizungumza njia nzima hadi wakafika wakiwa wamesahau walichoendea.

Mlango wa ruta ukafunguka.

Mkono wa Javan ulibaki hewani. Hakumgeukia Bitutu. Bitutu akajua kwamba amejua: miaka miwili, nyumba nyingine, mashine nyingine, na neno lilelile.

"Umeweza?" Mzee Mokua aliuliza.

"Nimeweza, Mzee. Hapa naona vifaa kumi na tatu. Ninyi ni watu watatu."

"Kumi na tatu?"

"Kuna mmoja anaitwa Rael Soprano. Yuko kwa mtandao hata saa hii."

Mzee Mokua alimgeukia mkewe polepole.

"Ni wanakwaya," Mama Bochaberi alisema. "Wakija mazoezi wanataka kusikiliza nyimbo. Ningewanyima? Rael si anakaa hapo nyuma ya ukuta tu."

"Kwa hiyo mimi naongea na Minnesota huku Rael anaangalia filamu."

"Anaangalia mahubiri, Baba Bitutu."

"Siku nzima?"

"Tutabadilisha paswadi ya nyumba," Javan alisema, akijitahidi kuweka uso sawa. "Mama, hii mpya ni yenu ninyi watatu tu. Wanakwaya wakija, nitawawekea njia yao ya wageni."

Mzee Mokua alitazama saa ya ukutani, akaenda chumbani kutafuta koti. Mama akazichukua sufuria zake kwenda kuzifuta upya. Sebuleni wakabaki watu wawili, na ruta yenye taa za kijani.

Javan aliigeuza laptopu. Kwenye orodha, mbele ya tableti ya baba, palikuwa na alama ndogo ya kufuli.

"Hii nilikuonyesha mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Mwaka wa pili. Ulisema ni ukatili, kumpa mtu mtandao halafu umnyime."

"Nakumbuka."

"Ni nani anapigiwa na hii tableti?"

Akamwambia. Alimwambia yote, Levis, Orina, mkokoteni wa ndizi, mwezi wa nane. Alisema haraka, akiutazama mlango wa chumbani. "Kila akiuliza, nilihitaji picha igande. Sikuwa na kitu kingine."

"Ulikuwa na mdomo."

"Na wewe ulikuwa na simu. Miaka miwili, Javan."

"Uliniambia nisipige."

"Nilisema kwanza. Usinipigie kwanza. Nani hungoja kwanza miaka miwili?"

"Mtu mjinga," Javan alisema. "Mtu aliyeaibika. Nilikuwa kisiwani Remba nikipandisha antena juu ya mlingoti, nikiona mnara wa Migori unawaka mbali kule usiku, nikisema, nikipata kazi ya maana nitarudi. Nikapata. Nikasema, ngoja nipate gari. Ningengoja mpaka nizeeke."

"Sasa utafanya nini?"

Bitutu alijua anachouliza, na Javan pia alijua.

"Naweza kuitoa hii sasa hivi na baba yako asijue kitu," Javan alisema. "Naweza pia kuiacha, nimwambie tableti imekufa, Levis agande mpaka achoke. Hiyo ya pili nimeifikiria, sitakudanganya. Imenivutia sana. Lakini nilishatoka nyumba hii kwa aibu ya samaki. Sitaki kutoka tena kwa aibu ya uongo." Akaisukuma laptopu upande wake. "Wewe ndiye uliweka. Toa mwenyewe. Ukitaka."

"Na nikitoa, atauliza, na itasikika."

"Itasikika vizuri sana. Mimi ni fundi mzuri."

Bitutu alitazama ile kufuli ndogo. Miezi minne alikuwa akifikiri inamzuia Levis. Alipoigusa aliona kwamba aliyekuwa amefungiwa ni yeye: kila Ijumaa kinywa chake mwenyewe ndicho kilichoganda, na kila Jumamosi kanisani aliketi kando ya baba yake bila kuweza kumtazama.

Akabonyeza. Kufuli ikatoweka. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja.

Mzee Mokua alirudi akiwa amevaa koti lake la kijivu, akaketi, akaishika tableti kwa mikono yote miwili. "Tayari?"

"Tayari, Mzee," Javan alisema. Akaanza kukunja waya, akisogea kuelekea mlangoni.

"Kaa hapo. Ikikatika nataka nikuone."

Haikukatika. Saa kumi na moja kamili, Levis alitokea akiwa safi kabisa, na sare yake ya samawati, na kovu dogo juu ya nyusi ambalo hakuna aliyewahi kujua analo. Nyuma yake theluji ilionekana dirishani, punje kwa punje.

"Mzee," Levis alisema kwa mshangao. "Leo nakuona mpaka mvi."

"Na mimi nakuona mpaka meno." Mzee Mokua alicheka kama mtoto. "Ongea, mwanangu. Leo ongea umalize."

Levis alisalimu, akauliza mvua, akamsalimu Mama, kisha akanyoosha kola. "Bitutu, nimekuuliza hili jambo mara nyingi, sijawahi kusikia jibu. Niwatume wazee wa kwetu mwezi wa nane?"

Bitutu alisikia ruta ikivuma juu ya kabati, au ilikuwa damu yake mwenyewe. Pembeni Javan alikuwa ameinamia waya uliokwisha kukunjwa, akiukunjua na kuukunja tena. Hakuinua macho. Hakumsaidia kwa lolote, na Bitutu akampenda kwa hilo.

"Hapana, Levis," alisema. "Wewe ni mtu mzuri na sikutaka kukupotezea muda, lakini nimekupotezea. Jibu ni hapana. Na si mtandao."

Levis alikaa kimya. Kwa sekunde mbili Mama alidhani ameganda, akanyoosha mkono kuipiga tableti. Kisha Levis akashusha pumzi.

"Asante," alisema. "Nilikuwa nimeshaanza kuichukia kampuni yenu bure." Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeumia lakini anayeweza kulala. "Mzee, usimgombeze. Baba yangu alipenda mtu anayesema wazi."

Tableti ikawa nyeusi. Mzee Mokua aliendelea kuishika.

"Baba," Bitutu alisema. Alipiga magoti kando ya kochi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utoto. "Si kampuni, wala si sufuria za Mama peke yake. Mimi ndiye niliibana tableti yako. Kutoka ile simu ya kwanza."

"Wewe."

"Mimi, Baba. Niliogopa uso wako. Niliona ni rahisi picha igande kuliko uso wako ugande."

Baba yake aliigeuza tableti kifudifudi. Midomo yake ilicheza. "Nilikuwa naipiga makofi," alisema. "Kila Ijumaa. Kumbe ulikuwa unaniona naipiga makofi."

"Nisamehe, Baba."

"Orina angenicheka." Akaivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaifuta tena. Kisha, bila kugeuka: "Fundi. Wewe ulijua?"

"Nimejua leo, Mzee. Kama dakika arobaini zilizopita."

"Ungeweza kuniambia tableti imekufa."

"Ningeweza."

"Ningekuamini. Mimi hizi vitu sijui."

"Ndiyo sababu sikusema, Mzee."

Mzee Mokua aliinuka, akaenda dirishani. Jua lilikuwa limeshuka juu ya paa za Oruba, likianza kuwa jekundu, likiwa limebakiza kimo cha mkono mmoja tu kutua. Jikoni Mama alikuwa tayari akifunika chakula cha kesho.

"Sabato inaingia," alisema. "Siwezi kuipokea nikiwa na hasira na mtoto wangu. Bitutu, kamletee mgeni maji anawe. Ana vumbi la kabati mpaka kwenye kope."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mgeni. Bitutu alimmiminia maji kwenye beseni nje ya mlango, na Javan akanawa bila kusema, na vidole vyao havikugusana, ingawa mvuke wa maji ya moto uliwazunguka wote wawili. "Simbi kwa miguu," alimnong'oneza tu. Bitutu akainamisha uso asionekane anavyotabasamu.

Mzee Mokua alimsindikiza Javan hadi kwenye lango la bluu, jambo ambalo hakumfanyia mara ile. Bitutu alifuata hatua tano nyuma, akiwa na beseni tupu mkononi.

"Mambo ya vijana hayazungumzwi na kijana peke yake," Mzee Mokua alisema. "Kwenu kuna mtu mzima?"

Javan alisimama wima. "Kuna baba mdogo, Mzee. Anaitwa Tony. Ni mwalimu."

"Jumapili ijayo, si hii. Mje mchana." Akafungua lango, akangoja Javan apite, akaanza kulifunga. Kisha akalisimamisha likiwa nusu wazi.

"Na samaki, kijana," alisema, akimtazama juu ya miwani. "Awe na magamba."